Filamu ya Gereji ya Ng'ambo

Nilipewa kazi ya kupiga filamu gereji iliyokufa, na ndani ya gereji hiyo alikuwa amejificha kaka yangu. Naanza hapo hapo, maana sipendi watu wa kuzungukazunguka kabla ya kusema jambo, nao kwetu ni wengi.

Jeshi lilikuwa limekwisha kurudi Kisangani. Waasi walikuwa wamesukumwa msituni, maduka ya Makiso, katikati ya mji, yalikuwa yamepigiliwa mbao, na watu walitembea katikati ya barabara, mikono nje, ili askari yeyote asije akadhani umeficha kitu. Huo ndio mwendo tuliojifunza mwaka ule. Hata leo nikipita mbele ya kambi mikono yangu hutoka mifukoni yenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa sinema. Kabla ya uhuru mapadri walikuwa na gari la kuonyesha filamu vijijini, wakanifundisha kuzungusha mashine, kuunga filamu iliyokatika, na mwishowe hata kupiga filamu mwenyewe. Mama hakupenda. Mtoto wa Kiislamu, wa nyumba iliyohitimu msahafu, anakula mkate wa mapadri! Nikamwambia mkate hauna dini, akanitupia kiatu. Basi uhuru ukaja, wazungu wengi wakaondoka, mashine zikabaki, na mimi nikabaki nazo. Ikawa katika mji mzima, ukitaka kitu kipigwe filamu, unakuja kwangu tu.

Aliyekuja safari hiyo alikuwa mkurugenzi wa kampuni moja ya malori. Alikuwa amerudi kwa ndege ya jeshi, mweupe pee, shati limemganda mgongoni. Gereji yake kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto, rive gauche, karibu na pale reli ya kwenda Ubundu inapoanzia. Yeye mwenyewe hakuthubutu kuvuka. Alitaka mimi nivuke na kamera, nimpigie kila lori, mbele na ubavuni na injini, kisha karakana yote ndani, ili wenye kampuni kule Ulaya waone kwa macho yao kilichobaki. Kapiteni wa jeshi alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, nifuatane na askari. La pili, filamu ikisharudi kutoka Léo, mji mkuu, ilikopelekwa kusafishwa, yeye aione kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nikasema ndiyo, ndiyo. Kwangu ilikuwa kazi tu, tena ya kulipwa mchele.

Jioni nikamwambia mama kwamba Jumatano navuka kwenda kwenye gereji ya zamani ya yaya. Kwetu kaka mkubwa ni yaya, na yaya wangu alikuwa dereva pale tangu ujana wake. Mama alikuwa anakoroga pondu, mboga ya majani ya muhogo. Mwiko ulisimama.

"Yaya yako iko mule," akasema.

"Mule wapi?"

"Mule ndani ya gereji. Wiki mbili sasa."

Jamani! Mimi nilijua yaya amekimbilia Ubundu. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo, na akalia juu yake. Waasi walipouchukua mji walikwenda gereji, wakamwekea bunduki kifuani, wakamwambia endesha. Akaendesha. Nani asingeendesha? Jeshi liliporudi, jirani mmoja, namjua na simtaji, akasema alimwona kwenye usukani na waasi nyuma wanaimba. Ikatosha. Wenzake watatu waliosemwa hivyo hivyo walichukuliwa asubuhi moja, hawakurudi, wala hatukupewa maiti.

"Wiki mbili, mama! Na mimi hamkuniambia?"

"Weye una mudomo," akasema, na akaendelea kukoroga.

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Akanieleza yote. Mama mmoja muuza kwanga, mikate ya muhogo, pale kivukoni ndiye aliyekuwa akimpelekea yaya chakula, akijifanya anakwenda kukata kuni. Ijumaa, watu wa mto kutoka Isangi wangepita na mtumbwi wao wa samaki, wangempakia chini ya mikeka na kumtelemsha mpaka kwao. Ijumaa. Mimi ninavuka Jumatano, na askari, na kamera.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mkurugenzi kumwambia naumwa. Akasema kapiteni amekwisha kuandika karatasi, na kama siendi mimi, kapiteni atatuma kikosi kikaangalie mahali hapo kwa nini pananitisha. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa wakati ule hukuweza kuuchekea. Nikasema nimepona.

Askari niliyepewa alikuwa mtu wa mbali, mtu wa Lingala, Kiswahili chake cha kuokotaokota. Alikuwa na sura ya mtu mwema, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana mbaya unamjua. Aliniita Foto tangu tulipopanda pirogi. Katikati ya mto akaniuliza kama ni kweli waasi waliacha dawa katika nyumba walizolala, na kwamba mtu akiikanyaga anavimba miguu. Nikaona mlango.

"Ni kweli, chef," nikasema. "Tena rive gauche ndio wamemwaga nyingi."

Alishika bunduki yake kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Gereji niliijua tangu nikiwa mdogo, nilipokuwa nikimletea yaya chakula cha mchana. Ilikuwa na ua mpana wa kuegesha malori, pampu ya mafuta mbele, ofisi upande mmoja, na nyuma kabisa karakana ndefu ya mabati yenye shimo la mafundi, lile ambalo lori linasimama juu yake na fundi anashuka ngazi kwenda chini ya tumbo lake. Sasa nyasi zilifika kiunoni. Pampu ilikuwa imevunjwa kioo. Malori kumi na kitu yalikuwa yamekaa chini kwenye rimu zao, kwa sababu matairi yote yalikuwa yamekatwa kuwa kandambili za watu. Juu ya lori moja mpapai ulikuwa umeota kwenye mchanga uliobaki, na ulikuwa na mapapai. Ndani ya ofisi karatasi za safari zilikuwa zimelowa zikashikamana kuwa kitu kimoja, na kuku wa mtu alikuwa ametaga juu yake.

Yaya alikuwa karakana. Mama muuza kwanga alikuwa amesema hivyo: chini, katika shimo.

Mpango wangu ulikuwa huu, na niliuona wa akili sana. Nilikuwa na mikanda minne ya filamu, na mkanda mmoja haufiki dakika tatu. Kama ningeimaliza yote nje, kwenye malori, tungefika karakana na kamera tupu, ningesema pole chef, filamu imekwisha, tungerudi. Na wakati wote nipige kelele ili yaya ajue kuna watu. Basi nikaanza kupayuka. Chef, angalia huku! Chef, ogopa msumari! Niligonga maboneti, nikabamiza milango ya malori, nikakohoa. Kamera ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa, na inapopiga inalia trrrr, mtu wa mbali anaisikia. Nililipiga kila lori mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ule mpapai niliupiga mara mbili.

Askari aliniangalia. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha lori, amechuma papai moja, analimenya kwa kisu cha bunduki.

"Foto," akasema. "Ile kamio umeifilme tayari."

"Ni upande mwingine, chef."

"Upande ni mbili. Weye umefilme upande ine."

Nikacheka. Hakucheka. Akaniuliza nimebakiwa na mikanda mingapi, na mimi, badala ya kudanganya, nikamwambia mmoja. Ulimi hauna mfupa, wangu hata nyama haukuwa nayo. Akasema bon, huo mmoja ni wa ndani. Akafuta kisu kwenye suruali, akasimama.

Tukatembea kwenda karakana. Yeye alikuwa nyuma yangu, hatua tatu hivi, kwa ajili ya ile dawa niliyomtisha nayo. Mlango mkubwa wa bati ulikuwa umefunguka nusu. Ndani giza, na miale michache ya jua imeingia kwenye matundu ya risasi na pale bati moja lilipong'oka. Nilisikia harufu ya mafuta machafu, na chini ya harufu hiyo nikasikia harufu ya kwanga. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nisitazame shimo. Usitazame shimo, usitazame shimo. Nikainua mguu, nikavuka kizingiti.

Na mdomo wangu ukasema, "Asalaam aleikum."

Lazima nieleze. Kwetu huingii mlangoni bila salamu, hata nyumba ikiwa tupu. Baba, Mungu amrehemu, tulipokuwa wadogo alikuwa akiturudisha nje tukisahau, tuingie upya, hata kama mvua inanyesha. Na tena alitufundisha kwa fimbo kwamba kuanza salamu ni hiari yako, lakini ukisalimiwa kujibu ni faradhi. Umelala, jibu. Unakula, meza ujibu. Ametuchapa kwa ajili hiyo, mimi na yaya, kwenye kitanda kimoja.

Kutoka chini ya ardhi sauti ikajibu, upesi, wazi, ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Waleikum salaam."

Najua yaya naye alijisikia. Ninaweza kuapa kwamba nilimsikia akijisikia.

Nyuma yangu bunduki ikalia, kla-klak.

"Nani?"

"Nani nini, chef?"

"Mutu amejibu."

"Ni mimi."

"Weye?"

"Mimi, chef. Siye Waislamu, kama nyumba iko tupu, unajisalimia na unajijibu mwenyewe. Ni dini."

"Sauti imetoka chini."

"Ni mabati, chef. Sauti inapiga inarudi."

Nilikuwa nimemgeukia, nimesimama katikati ya mlango na mikono yangu nje, kamera imening'inia kifuani. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Kisha akasema neno moja.

"Rudia."

Nikatoka nje. Nikaingia upya, kama enzi za baba. Nikasema salamu, na kabla hata hewa haijaisha kifuani nikajijibu, kwa sauti nzito. Sikuacha mahali pa sindano kati ya salamu na jibu, kwa sababu nilikuwa namwogopa yaya kuliko askari. Nilijua vizuri jinsi jibu linavyotoka lenyewe.

"Hapana," akasema askari. "Ya kwanza ulingojea kidogo. Fanya vile. Ngojea, halafu jibu."

Wallahi, nilitaka kulia. Nikatoka tena. Nikasimama kwenye jua, nikamwomba Mungu amshike yaya ulimi. Ni dua ya ajabu, kumwomba Mungu mtu asijibu salamu yake. Nikavuka kizingiti. "Asalaam aleikum." Nikangoja. Nikahesabu moja, mbili. Tone la maji lilidondoka mahali fulani. Chini hakuna kitu. Nikajibu, na safari hii sikuhitaji kubadili sauti, kwa sababu mimi na yaya tuna sauti moja. Watu wakitusikia nyuma ya ukuta walikuwa wakichanganya majina yetu tangu tulipobalehe.

Askari akainamisha kichwa kama anaonja chumvi. Halafu, mtu yule, akapiga hatua mbele, akaweka mkono mdomoni na kupaza sauti ndani ya karakana: "Salamu aleku!"

Kimya. Mimi namtazama yeye, yeye anatazama giza.

Akanigeukia polepole. "Na weye hujibu? Umesema ni dini."

"Waleikum salaam, chef!" nikasema, karibu kwa kupiga kelele.

Hakuingia. Nadhani nusu yake iliniamini na nusu haikuniamini, na ile nusu isiyoamini iliogopa dawa. Akasimama kizingitini, akanyoosha kidole.

"Ile shimo. Filme mule chini. Mimi ninabakia hapa. Kama mutu iko, kapiteni atamuona kwenye cinéma."

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nimeokoa kitu. Mpaka pale mimi ndiye niliyekuwa mwongo. Sasa alitaka mashine iseme, na mashine haijui kudanganya. Nikatembea. Ilikuwa hatua kama ishirini kutoka mlangoni mpaka ukingo wa shimo, na mgongoni nilihisi mahali penyewe ambapo risasi ingeingia. Nilizungusha ufunguo wa kamera mpaka mwisho. Nikainama juu ya shimo, nikaweka jicho kwenye kioo.

Fundi yeyote mwenye akili angezungusha pete ya mwanga na kuifunga, picha ikawa nyeusi tii, na akasema kulikuwa na giza. Vidole viliijua pete hiyo kuliko vinavyojua vifungo vya shati. Haki ya Mungu, sikuikumbuka. Hofu ilikuwa imekula elimu yote ya mapadri. Nilichofanya ni ujinga wa mtoto: nilifumba macho. Yote mawili, nyuma ya kamera, nikayabana kwa nguvu. Nilijiambia kama sikumwona, basi sikumwona, hata nikiulizwa na kuapishwa. Kisha nikabonyeza, na kamera ikalia trrrr, ikapiga kila kilichokuwa mbele yake mpaka ufunguo ulipolegea.

"Kuna nini?" askari akauliza.

"Maji na mafuta, chef."

"Bon. Twende."

Katika pirogi alikula papai lake, akanipa kipande. Nikala. Nilipofika nyumbani nilitapika uani na mama akasimama na kopo la maji mkononi mpaka nilipomaliza. Nikamwambia yote isipokuwa salamu. Aibu ilinizuia. Nilimalizia kwamba yaya hakuonekana, na kwamba kuna filamu.

Ijumaa watu wa Isangi walipita. Mama muuza kwanga alikuja jioni na kikapu kitupu akakaa nasi kidogo, ndivyo tulivyojua kwamba yaya ameondoka. Mama alisujudu palepale jikoni, juu ya majivu. Mimi niliendelea kusubiri mikanda yangu.

Ilichukua wiki sita. Kila ndege iliyotua nilikwenda kuuliza. Nilikuwa nimejipangia: mikanda ikifikia mikononi mwa kapiteni moja kwa moja, nivuke mto siku hiyo hiyo nisirudi. Lakini kapiteni alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa habebi makopo ya filamu. Ilipofika, akanitumia mimi, niiunge mikanda minne iwe mmoja na niandae chumba kwa kesho yake saa tisa mchana. Ndiyo desturi ya kazi, na nashukuru kwamba katika nchi iliyoharibika kila kitu, desturi hiyo ilibaki.

Nikajifungia katika chumba cha mashine. Nikaziba madirisha kwa blanketi, nikapitisha mikanda peke yangu. Malori yangu yakapita, mbele, nyuma, kushoto, kulia, na mpapai. Kisha mlango wa karakana. Kisha ukingo wa shimo, ngazi, mafuta yakimeta. Nilikuwa nimeanza kupumua. Kamera ikayumba kidogo, ikaangukia pale ambapo bati lilikuwa limeng'oka na jua lilikuwa limeshuka moja kwa moja.

Yaya alikuwa amechuchumaa, magoti kifuani, maji yamefika vifundoni. Ndevu. Mkono mmoja ameuziba mdomoni. Alikuwa ananitazama mimi, si kamera, mimi, juu ya kamera. Na mabega yalikuwa yanatikisika. Mtu mwingine angesema analia au ana homa. Mimi nimelala kitanda kimoja naye miaka kumi na miwili, nayajua mabega yale. Alikuwa anacheka. Aliniona nimeinama na mashine ya watu, macho nimeyafumba kama mtoto anayepigwa sindano, na akashikwa na kicheko, pale, na bunduki mlangoni, akajiziba mdomo ili kisimtoke.

Sekunde tano. Nilizirudisha nyuma nikazitazama tena. Nikazitazama mara tano au sita, nami nikacheka peke yangu gizani, machozi yananitiririka.

Kisha nikachukua mkasi. Nilimkata kuanzia pale mwanga unapoanza mpaka pale unapokwisha, nikaunga giza na giza. Kipande kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu kidogo. Nilikiweka katika jiko la makaa la mlinzi, nikasimama juu yake nikikoroga kwa kijiti mpaka kikajikunja chote. Nilifanya vizuri. Nimejiuliza mara elfu na jibu ni lile lile: nilifanya vizuri, wa kuponzwa na kipande kile palikuwa na mimi, palikuwa na mama muuza kwanga, palikuwa na watu wa mtumbwi.

Kesho yake kapiteni alikaa mbele, mkurugenzi kando yake, na yule askari amesimama ukutani. Ilipofika kwenye shimo picha iliruka kidogo. Mkurugenzi akauliza ni nini. Nikasema ni kiungo, filamu ilikatika. Kapiteni akapiga mwayo. Askari alinitazama, sikumtazama. Taa ikawashwa na kapiteni akasema kwamba kweli waasi ni washenzi, malori mazuri vile.

Nilikimbia nyumbani. Mara ya kwanza tangu waasi waje nilikimbia kwa furaha barabarani, nimesahau mikono. Nikamwambia mama imekwisha, na katika furaha hiyo nikamwambia na lile nililopaswa kulinyamazia: kwamba nimemwona yaya kwenye filamu. Ana ndevu, nikasema. Anacheka. Mama akanishika mashavu, akaniuliza mara tatu, anacheka kweli? Nikasema kweli. Kuhusu mkasi sikusema. Sikuona sababu, siku ile ilikuwa ya furaha.

Mtu wa Isangi alikuja baada ya siku nane, jeshi liliporuhusu tena mitumbwi kupanda mto. Alikuwa mvuvi, Mkristo, amevaa shati lake la misa, na alipovua kofia mlangoni nikajua. Yaya alikuwa ameingia mtumbwini na homa tayari. Wiki mbili ndani ya maji yale ya mafuta. Walimfikisha, akakaa kwao siku tatu, akafa. Mvuvi alisema hawakujua watu wetu wanazikwa vipi, wakampeleka mtu kwa mfanyabiashara Mwislamu wa sokoni kumuuliza, na mfanyabiashara akaja mwenyewe kumwosha. Alitaka tujue hilo. Alilirudia. Nami nilikuwa nahesabu kichwani, kama mpumbavu, na hesabu ilikuwa wazi: siku nilipokoroga makaa yale, yaya alikuwa na zaidi ya mwezi chini ya ardhi. Nilikuwa nimemficha mtu ambaye hakuna tena awezaye kumkamata.

Tukamlilia bila maiti. Watu wachache walikuja, wengine waliogopa kuonekana. Picha hatukuwa nayo hata moja, kwa sababu katika zote alikuwa amesimama na lori lake, na siku jeshi lilipoingia mama alizitia zote motoni kwa mkono wake.

Siku ya arobaini tangu tupate habari, baada ya hitima, wageni walipokwisha kutawanyika, nilimkuta mama chumbani amesimama juu ya kigoda. Alikuwa na misumari minne. Shuka lake jeupe, lile la ndoa, ambalo hakuwahi kulitandika hata kwa wageni, alikuwa amelitundika ukutani, na alikuwa amefunga dirisha.

"Nenda ulete ile mashine yako," akaniambia. "Nimuone anacheka. Mara moja tu, halafu utairudisha kwa wenyewe."

Nilisimama mlangoni. Alishuka kwenye kigoda, akakaa kitandani, akapanga kanga yake, akaelekea shuka.

"Mama," nikasema, "nilikikata kile kipande. Nilikichoma."

"Kwa nini?"

"Ili wasimwue."

Hakulia, wala hakunitupia kiatu. Alikaa akitazama shuka, na mimi nikakaa kando yake nikalitazama pia, mpaka aliposema lina vumbi, akaniambia nipande kigoda nilishushe.